Unga wa mlonge, rozela na manjano kwa wenye endometriosisi: tathmini ya bidhaa ya duka moja la Mtwara

Katika mtaa ulio nyuma ya Soko Kuu la Mtwara kuna duka dogo la vyakula lishe na dawa za asili linalouza unga wa majani ya mlonge uliochanganywa na rozela, manjano na pilipili manga kidogo. Pakiti ya gramu 250 huuzwa shilingi 15,000, na wanunuzi wake wengi ni wanawake wanaosumbuliwa na endometriosisi, ugonjwa wa uzazi wenye maumivu ambao nitaueleza hapo chini. Ndani ya kila pakiti mna karatasi iliyokunjwa, na ni karatasi hiyo, kuliko unga wenyewe, iliyonisukuma kuandika tathmini hii. Inadai kwamba antioksidanti za mimea hiyo, yaani viambata vinavyozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni, zimethibitishwa kulinda chembe za damu za wanawake wenye endometriosisi, na kwamba kwa sababu hiyo mtumiaji ataondokewa na maumivu, hedhi yake itapungua na kizazi chake kitasafika. Dai la kwanza lina ukweli ndani yake. Hayo yanayofuatia hayatokani nalo.

Niliununua kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye ugonjwa wake ulithibitishwa kwa upasuaji baada ya miaka mingi ya kuambiwa kuwa ana chango la kawaida ambalo litaisha akizaa. Mimi nami niliutumia pamoja naye ili nisihukumu nisichokionja. Riziki yangu hutoka maabara, nikipima damu za watu, kwa hiyo habari za chembe za damu hazinipiti hivihivi.

Duka lenyewe ni safi na lina mpangilio mzuri. Unga haukai juani kama ule unaopangwa kwenye meza za barabarani, mizani inaonekana na mteja, na kila pakiti ina tarehe ya kusagwa iliyoandikwa kwa mkono. Mwenye duka ni mama wa makamo ambaye hamkimbilii mteja kwa maneno. Nilipomweleza kuwa ninamnunulia mgonjwa, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, “Hospitali wamemwonaje, mwanangu?” Nilipomjibu kwamba anatumia vidonge vya homoni alivyoandikiwa, akaniambia asiviache hata kidogo, na kwamba unga huu ni wa kunywa pembeni. Ushauri huo ni bora kuliko kila kilichoandikwa kwenye karatasi yake, na inasikitisha kwamba mteja anayetumiwa mzigo Tandahimba au Nachingwea kwa basi hupata karatasi peke yake.

Sasa kuhusu dai lenyewe. Endometriosisi ni hali ambayo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota mahali pengine, hasa kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi na juu ya utando unaofunika viungo vya tumboni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190. Maelezo ya zamani yanayotegemewa hadi leo ni ya daktari Mmarekani John Sampson, aliyeeleza katika miaka ya 1920 kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika tumboni ikiwa na vipande vya utando huo. Wanawake wengi hurudisha damu namna hiyo bila kuugua, kwa hiyo nadharia ya Sampson peke yake haitoshi, lakini ndiyo inayoziingiza chembe za damu katika habari hii.

Chembe nyekundu ya damu haina kiini, haiwezi kujitengenezea vimeng'enya vipya, na katika siku zake zipatazo 120 hutegemea akiba yake ya glutathioni, ambayo ni antioksidanti ya mwili wenyewe, pamoja na vimeng'enya kama katalasi ili isiharibiwe na oksijeni ileile inayoibeba. Chembe zilizomwagika tumboni hupasuka, himoglobini ikatoka, na ndani ya himoglobini mna madini ya chuma. Makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza mabaki, huyaondoa kadiri ziwezavyo, ila kwa mwenye endometriosisi huelekea kuzidiwa. Chuma kinachobaki huru hukutana na peroksidi ya hidrojeni na kuzalisha radikali za haidroksili, chembechembe kali za kikemikali ambazo hushambulia mafuta ya kuta za seli, protini na DNA, na kuchochea uvimbe unaoleta maumivu na kuzifanya tishu zishikamane. Huu ndio msongo wa oksidisho unaotajwa na karatasi, na hapo mwandishi wake hakukosea. Tafiti kadhaa zimeona dalili za uharibifu huo, kama vile ongezeko la malondialdehidi, kemikali inayobaki mafuta yanapoharibiwa, katika majimaji ya tumboni na hata katika damu ya wagonjwa, ingawa matokeo ya tafiti hizo hayalingani kila mara.

Kosa linaanzia mahali pa uharibifu. Chuma kinachosumbua kimo tumboni, kuzunguka vidonda vya ugonjwa, nacho kilitokana na chembe ambazo zilishatoka mishipani na kupasuka. Chembe zinazozunguka mwilini ni nyingine. Anayesema kwamba amelinda chembe za mishipani hajasema chochote bado kuhusu damu iliyokwisha kumwagika tumboni, wala kuhusu tishu iliyoota pale, wala kuhusu mishipa ya fahamu iliyoingia ndani ya tishu hiyo na inayopeleka maumivu.

Kisha kuna suala la namna ulinzi huo ulivyopimwa. Majaribio ya aina hii nayafahamu kwa mikono yangu. Damu huchukuliwa, chembe zikaoshwa na kuwekwa katika mirija ya kioo pamoja na dondoo la mmea, kisha hutiwa kemikali inayooksidisha, na baada ya muda hupimwa ni himoglobini kiasi gani imevuja au ni DNA kiasi gani imekatika katika chembe nyeupe. Mimea mingi yenye polifenoli, kundi kubwa la antioksidanti za mimea, hufaulu mtihani huo, na chai ya rangi ya kawaida ni mmojawapo wa wanaofaulu vizuri. Lakini ndani ya mrija dondoo huigusa chembe moja kwa moja, halipiti kwanza kwenye utumbo na ini. Kwa mtu aliyekunywa, sehemu kubwa ya polifenoli hainyonywi, na ile inayonyonywa hubadilishwa mara moja kwa kuunganishwa na salfeti au asidi ya glukuroni kabla ya kufika kwenye mzunguko wa damu. Kiasi kinachopatikana katika damu baada ya mlo kwa kawaida ni kidogo sana, mara nyingi makumi au hata mamia ya mara chini ya kile kinachotumika maabara. Rangi nyekundu ya rozela, inayotokana na anthosianini, ni mfano mzuri, kwa sababu inapendeza ndani ya glasi ila ni sehemu ndogo sana inayoonekana kwenye damu ya mnywaji.

Manjano yana udhaifu uo huo na yamepatiwa dawa yake ndani ya pakiti. Kurkumini, kiungo chake kikuu, hainyonywi kwa urahisi, na jaribio maarufu la mwaka 1998 lilionyesha kwamba piperini ya pilipili manga huongeza unyonyaji wake kwa takribani mara 20. Aliyeutengeneza unga huu anafahamu hilo, nami nampongeza. Hata hivyo, hesabu haimpi nafasi. Kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano, kwa hiyo kijiko cha gramu 5 cha mchanganyiko huu, tukikadiria kwamba robo yake ni manjano, kina kurkumini isiyofika miligramu 40. Jaribio lililofanyika Iran na kuchapishwa mwaka 2024 liliwapa wagonjwa wa endometriosisi miligramu 500 za kurkumini mara mbili kwa siku, na bado maumivu yao hayakupungua kuliko ya wale waliopewa vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa ndani yake.

Majaribio kwa wagonjwa wenyewe, badala ya mirija, si mengi, na yaliyopo hayaelekei upande mmoja. Lenye kutia moyo zaidi ni lile lililochapishwa Marekani mwaka 2013, ambapo wanawake 59 wenye maumivu ya nyonga waligawanywa, baadhi wakapewa vitamini E ya yuniti 1,200 pamoja na vitamini C ya 1,000 kila siku kwa wiki 8 kabla ya upasuaji, na wengine vidonge vitupu. Maumivu ya kudumu yalipungua kwa asilimia 43 ya waliotumia vitamini, na majimaji ya tumboni yalionyesha dalili chache zaidi za uvimbe. Kwa upande mwingine, resveratroli ya zabibu, ambayo iliwahi kusifiwa kuliko mimea yote, ilijaribiwa Brazili kwa wanawake 44 kwa siku 42, ikiongezwa juu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na haikuzidi vidonge vitupu. Ukiyaweka haya pamoja, msomaji makini ataona kwamba kilichosaidia kidogo ni vitamini za kawaida kwa dozi kubwa, tena kwa kikundi kidogo cha watu, wakati polifenoli zenye sifa nyingi ndizo zilizoshindwa. Hakuna hata moja kati ya majaribio hayo lililoonyesha kwamba vidonda vya ugonjwa vilitoweka au kwamba kizazi “kilisafika”, neno ambalo ningependa lifutwe kwenye karatasi hiyo bila kusubiri uchapishaji mwingine.

Kama kinywaji, unga huu nimeupenda. Rozela inatangulia kwa uchachu wake, manjano yanafuata kwa joto dogo kooni, na uchungu wa mlonge unabaki nyuma ya ulimi lakini hauudhi. Haujachanganywa sukari, jambo ambalo ni adimu kwa bidhaa za rozela za siku hizi. Tope hubaki chini ya kikombe, na anayelichukia achuje kwa kitambaa. Mdogo wangu anasema unampa hamu ya kunywa maji zaidi na kwamba choo chake kimekuwa laini, na kwa mtu ambaye hedhi humletea maumivu hata anapokwenda haja, hiyo si faida ya kudharauliwa. Maumivu yenyewe, kwa maneno yake, yamebaki vilevile. Huyo ni mgonjwa mmoja, na simtumii kuthibitisha wala kukanusha chochote.

Maelekezo ya matumizi ndiyo yaliyoniudhi. Karatasi inaagiza unga uchemshwe nusu saa “ili nguvu yake itoke”. Kuchemsha kwa muda huo kunaua vitamini C iliyosalia baada ya kukausha, ambayo tayari ni kidogo, na kunaififisha rangi ya rozela. Maji ya moto yaliyoepuliwa, dakika kumi za kufunika, na kijiko kidogo cha tui au mafuta kwa ajili ya manjano, yanatosha na yanafaa zaidi.

Kasoro kubwa kuliko zote, na ninayoiweka mbele ya bei na ladha, ni ukimya wa karatasi kuhusu tahadhari. Wanawake wengi wenye endometriosisi hutokwa na damu nyingi na huishia na upungufu wa damu, na tanini, viambata vinavyokaba koo, pamoja na polifenoli nyingine za mimea hupunguza unyonyaji wa chuma kinachotoka kwenye mboga na nafaka. Anayekunywa kikombe cha unga huu pamoja na ugali na kisamvu chake kila siku anajipunguzia chuma ambacho damu yake inakihitaji, na hilo linakwenda kinyume kabisa na dai la kuilinda. Anywe kati ya mlo na mlo, saa moja au mbili baada ya kula, na vidonge vya chuma asivimezee kinywaji hiki. Rozela hushusha shinikizo la damu, kwa hiyo anayetumia dawa za presha apime mara kwa mara. Manjano kwa wingi hayafai kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na anayesubiri upasuaji amweleze daktari wake kila anachokunywa. Wapo pia wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu, ambao si wachache katika ukanda huu wa pwani wenye malaria ya miaka mingi. Chembe zao nyekundu hushindwa kuhuisha glutathioni na hupasuka zikikutana na baadhi ya dawa, na vitamini C ya dozi kubwa, hasa ile ya dripu ambayo siku hizi inatangazwa kama kinga ya kila kitu, imewahi kuwapasulia damu. Kikombe cha rozela hakina kiasi hicho, ila mteja anayeamini kwamba antioksidanti haziwezi kudhuru ndiye atakayekwenda kutafuta dripu kesho.

Zaidi ya hayo, wanunuzi wa unga huu wengi wanatafuta ujauzito, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huchelewesha mimba. Karatasi haisemi lolote kuhusu mjamzito. Majani ya mlonge kama mboga hayana historia mbaya, lakini magome na mizizi yake huepukwa tangu zamani na wajawazito, na pakiti haielezi kama ni majani matupu yaliyosagwa. Mwenye duka aliniambia kuwa ni majani pekee. Namwamini, ila maneno yake hayajaandikwa popote.

Wala sikuona kwenye pakiti alama ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, wala namba yoyote ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Bidhaa inaweza kuwa chakula au inaweza kuwa dawa ya asili. Ikiahidi kutibu, imejitoa yenyewe katika kundi la chakula, na haina budi kupita njia ya dawa.

Kuhusu bei, shilingi 15,000 ni nyingi kwa kilichomo. Rozela kavu inauzwa kwa kipimo sokoni kwa fedha kidogo, mlonge umejiotea kwenye uzio wa nyumba nyingi kuanzia Mikindani hadi Naliendele, na manjano hayapungui katika duka lolote la viungo. Unalipia kusagiwa, kuchanganyiwa na usafi, ambavyo vina thamani yake kwa mtu asiye na muda, na unalipia ile karatasi. Kama lengo ni vitamini C, ambayo ndiyo iliyoshiriki katika lile jaribio lenye matokeo mazuri, basi mkoa huu unaitupa chini ya miti kila msimu wa korosho. Bibo, yaani tunda la mkorosho, lina vitamini C zaidi ya miligramu 200 kwa kila gramu 100, takribani mara nne ya chungwa, wakati mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 tu kwa siku. Sehemu kubwa ya mabibo huoza shambani au huishia kwenye uraka, pombe ya mabibo, na kituo cha utafiti cha Naliendele kimekuwa kikifundisha kwa miaka mingi namna ya kuyatengeneza juisi. Juisi yake hukaba koo kwa sababu ya tanini, na kwa hilo wenyeji hawahitaji maelezo yangu. Kwa vitamini E, wengi hudhani korosho ndiyo jibu. Ina kiasi kidogo tu; mafuta ya alizeti yanaizidi kwa mbali.

Mwanamke ambaye hedhi humlaza kitandani, ambaye tendo la ndoa au haja kubwa humletea maumivu, au ambaye amekaa muda mrefu bila kushika mimba, asianzie dukani. Aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, au Sokoine kwa walioko Lindi, au Ndanda na Nyangao kwa walio karibu na hospitali za misheni, na aeleze maumivu yake bila kuyapunguza. Kipimo cha picha kinaweza kukosa vidonda vidogo, hivyo majibu ya “hakuna kitu” yasimfanye anyamaze. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza kabisa kwa sasa, lakini dawa za maumivu, za homoni na upasuaji huwarudisha wengi katika shughuli zao, na zimepimwa kwa watu wengi kuliko unga wowote.

Anayetaka kinywaji kizuri kisicho na sukari, hana presha inayotibiwa, hana mimba wala upasuaji karibuni, na chuma chake kimepimwa kikaonekana kiko sawa, anunue bila wasiwasi. Namshauri aombe rozela na mlonge katika pakiti mbili ndogo zilizo kwenye rafu ya chini, ambazo kwa pamoja ni shilingi 7,000, achanganye mwenyewe nyumbani kwa kiasi anachokipenda, na aongeze manjano ya jikoni kwake. Duka hufunguliwa asubuhi hadi magharibi, hufungwa mchana wa Ijumaa kwa sala, na malipo ya simu yanapokelewa bila nyongeza.